MTI WA SHULE: HAKI YA NDEGE NA HAKI YA JIRANI



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Muislamu, Ijumaa ya leo tunataka kukuuliza swali ambalo mwanzoni litaonekana dogo. Tuseme mwalimu wa shule ya jirani amesimama mlangoni baada ya swala na kusema hivi: tunataka kufanya bustani katika kiwanja cha shule, wala si ya mboga tu. Tunataka kona moja tuiachie miti na maua ya asili, ndege wapate pa kujenga viota, nyuki wapate maua, vinyonga na mijusi wapate pa kujificha, na watoto wajifunze kwa macho yao badala ya kunakili ubaoni. Na pembeni yake tutaweka kitalu cha miche, ile tunayoiita pepinyeri, miche mingine tuipande hapo shuleni na mingine tuigawe. Tusaidieni samadi, mbegu na mikono ya salongo.

Je, utampa? Usijibu haraka. Maana nyuma yako amesimama mama mmoja ambaye ameyasikia maneno hayo, na yeye anauliza: kona ya ndege? Mimi na wanangu sita tunalala chumba kimoja cha mbao juu ya mawe, makala yamepanda bei, jana nimekosa hata kuni za kuchemshia maharage, na nyinyi mnatenga ardhi kwa ajili ya mijusi?

Waraka huu hautaki kumnyamazisha mama huyo kwa aya na hadithi. Swali lake ni la haki, tena ni zito kuliko la mwalimu. Wako wanaosema kupanda mti ni thawabu na mazungumzo yakaishia hapo, na wako wanaosema mwanadamu kwanza, mnyama baadaye, na yakaishia hapo pia. Sisi tunaona wote wawili wamekata maneno kabla ya wakati wake.

Tuanze na ardhi yenyewe. Anayekaa Kanyaruchinya hahitaji kufundishwa thamani ya udongo, kwa kuwa amejua kuukosa. Tumekaa juu ya moto ulioganda. Nyiragongo ilimwaga lava tarehe 10 Januari 1977, ikamwaga tena tarehe 17 Januari 2002 mpaka lava ikaupasua mji wa Goma na kuingia ziwani, kisha ikamwaga usiku wa tarehe 22 Mei 2021, ikaunguza nyumba za watu wa Nyiragongo na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kuna viwanja hapa ambavyo ukitaka kuchimba shimo la choo unaanza kwa nyundo. Mvua inanyesha vizuri, lakini maji hupenya kwenye nyufa za mawe na kupotea, hatuna kijito wala mto, na kila mtu anajua uzito wa bidoni ya lita 20 mgongoni mwa mtoto.

Hata hivyo jiwe hili halikuachwa bila njia. Mtazame lava ya miaka michache: utaona juu yake ukoko wa kijivu, mgumu kidogo, kama chumvi iliyokauka. Huo ni uhai wa kwanza, unakula jiwe taratibu na kushika vumbi. Baadaye vinatokea vijimea vinavyofanana na zulia, kisha majani ya jamii ya kangaga kwenye nyufa, kisha nyasi, kisha vichaka. Kazi hiyo inachukua miaka mingi sana, na mwanadamu akitaka kuifupisha ndipo anapohitaji kitalu, samadi na subira.

Na juu ya mawe haya hawakukaa wenyeji peke yao. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Kibumba, hapo juu yetu kwenye barabara ya Rutshuru, na misitu ya pembeni ya mbuga ya Virunga ikakatwa kwa kuni za kupikia. Mwaka huo huo UNESCO iliiandika mbuga hiyo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 2012 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia vita vya Rutshuru walipiga kambi hapa hapa Kanyaruchinya, wengine wakilala ndani ya madarasa, na mwezi wa 11 wakakimbia tena, kambi ikabaki tupu. Mwaka 2022 wakaja wengine kutoka Rutshuru na Kibumba, wakakaa zaidi ya miaka miwili, mpaka Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025 na kambi zikavunjwa mwezi uliofuata. Kila wageni walipofika, mti ulikuwa wa kwanza kuondoka. Tusiwalaumu. Mtu aliyetoka kwake usiku na sufuria moja kichwani na mtoto mgongoni hakubeba gunia la makala. Naye alipika kwa alichokikuta, kama ambavyo wewe ungepika.

Lakini basi usishangae ukisikia mtu mzima anasema: kupanda mti Kanyaruchinya ni kumpandia mwenye panga. Hilo ndilo neno linalowakatisha tamaa walimu wengi, na ndilo tunalotaka kulijibu.

Kwanza tumjibu mama kuhusu mijusi, maana watu wengi wanadhani wadudu na ndege ni mapambo ya wenye nafasi. Sikiliza habari ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Pale kuna kiwanda cha saruji kilichokuwa kikichimba mawe ya matumbawe, na walipomaliza kuchimba waliacha mashimo meupe, makavu, yenye chumvi, hayana hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kuyarudishia uhai. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizopona ni tatu tu, na bora yao ilikuwa mvinje, ule unaoota ufukweni, kwa kuwa mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyotengeneza mbolea kutoka katika hewa.

Mivinje ikakua, lakini ikatokea shida ambayo pesa ya kiwanda haikuweza kuitatua. Majani yake membamba kama sindano yalianguka na kulala pale pale, hayaozi, kwa sababu ya uchachu uliomo ndani yake. Hakuna kuoza, hakuna udongo. Hapo Haller akamwona jongoo, yule mwenye miguu mekundu, anayatafuna majani hayo bila wasiwasi. Akakusanya majongoo kwa mamia akawaachia chini ya miti. Kinyesi cha jongoo ndicho kilichofungua mlango kwa vijidudu vingine, na udongo mweusi ukaanza kujikusanya juu ya jiwe. Katika udongo huo ikapandwa miti ya asili, wakaja ndege, wakaletwa wanyama, na leo mahali hapo ni msitu unaotembelewa na watu, unaitwa Haller Park.

Jongoo, ndugu yangu! Yule ambaye watoto wetu wakimwona wanamponda kwa jiwe. Sisi hatuna kiwanda cha saruji cha kutulipia gharama, hilo tulikubali mapema, na lava si matumbawe. Lakini mafunzo yanabaki: mwenye kusafisha kiwanja chake mpaka hakuna kinachotambaa wala kinachooza, amejifukuzia vibarua wasiodai mshahara. Ndege anayekula tunda la umuvumu huangusha mbegu yake kwenye ufa ambao mkono wa mtu haufiki. Nyuki akikosa maua, maharage na maboga ya mama yule yule yatazaa kidogo. Kwa hiyo kona ya ndege si ardhi aliyonyang'anywa mama.

Jibu hili ni zuri, nalo linapendwa na watu wa miradi, lakini kwa Muislamu halijatosha. Kama tungekuwa tunamheshimu kiumbe kwa faida yake tu, siku ambayo hana faida tungemponda. Qur'ani katika Suratul An'aam inatufahamisha kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma mfano wetu sisi. Na imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba anayemuua shomoro bila haki yake, shomoro huyo atamshitaki kwa Mwenyezi Mungu. Sasa mtazame mtoto wetu na manati shingoni, anapita akilenga kila chozi anayenyonya ua, si kwa njaa, ni kwa kukosa la kufanya. Na kinyonga je? Huyo anauawa kwa hofu ya bure, kwa maneno ya kwamba ni mkosi. Shule ikiwa na kona ambayo mtoto ametumwa kumtazama kinyonga kwa juma zima na kuandika alichokula, hofu hiyo itakufa kimya kimya. Hatudhani kuna khutuba itakayofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Sasa turudi kwa mama, maana hatujamlipa deni lake. Tumemwambia ndege ana haki. Yeye alisema: na mimi je?

Katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya Sayyidna Umar (R.A.) na mtu aliyeitwa Hunayy. Umar alikuwa na malisho yaliyohifadhiwa, yanayoitwa hima, ardhi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuingiza mifugo ovyo, kwa maslahi ya Waislamu wote. Akamweka Hunayy awe msimamizi. Wengi wetu tungetegemea amwambie: usimruhusu mtu. Hakusema hivyo. Alimwambia awanyenyekee Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kisha akamwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache waingie, lakini awazuie mifugo ya Abdurrahman bin Awf na ya Uthman bin Affan. Na hao ni masahaba wakubwa, waliobashiriwa Pepo! Sababu aliitoa mwenyewe: hao wawili mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini yule mnyonge mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa, na kumpa maji na majani leo ni rahisi kuliko kumtafutia dhahabu na fedha kesho.

Isome tena habari hiyo, ndugu msomaji. Hifadhi ipo. Uzio upo. Mlinzi yupo. Lakini mlango wa hifadhi umefunguliwa upande wa fukara na umefungwa upande wa tajiri. Siku hizi tumezoea kinyume chake. Mwanamke aliyeokota kuni mbugani anakamatwa na fungu lake la kuni, na magunia ya makala kwa magari yanapita vizuizini yakiwa na wenyewe wanaojulikana. Mwaka 2007 gorila wa milimani waliuawa ndani ya Virunga, na wahifadhi wenyewe wakayahusisha mauaji hayo na biashara ya makala. Waliofaidika na biashara hiyo hawakuwa wasukuma chukudu.

Mfano mwingine wa karibu na lugha yetu ni kisiwa cha Misali, upande wa magharibi wa Pemba. Bahari ya pale ni tajiri kwa samaki na matumbawe, na wavuvi wengi wanaitegemea. Mwaka 1998 kilifanywa eneo la hifadhi. Maneno ya serikali na ya wataalamu hayakuwaingia wavuvi wote, na palikuwa na uvuvi wa kuharibu. Ndipo shirika la CARE na taasisi ya Kiislamu ya mambo ya mazingira ya Uingereza, IFEES, wakakaa na wavuvi, maimamu na walimu wa madrasa wakazungumza juu ya ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi, israfu na amana. Inasimuliwa pale kwamba mja mwema Khidhri alitaka kuswali akakosa msala, akakitumia kisiwa hicho kama msala, na jina limetoka huko. Lakini tunachotaka ukione si kisa, ni mpango: sehemu iliyofungwa kabisa ilikuwa ndogo, na sehemu kubwa iliyobaki waliendelea kuvua kwa utaratibu. Wavuvi hawakuambiwa wachague baina ya samaki na njaa.

Kwa hiyo hukumu yetu katika suala la shule ni hii, na mwenye hoja bora atuandikie: bustani ya ndege ni haki, lakini haitanguliwi kupandwa mpaka shule imeshajibu jirani yake atapikia nini. Kwanza kuni, kisha maua. Mwenye kuanza na uzio wa kuwazuia majirani amejenga hima ya Uthman na Abdurrahman, siyo ya Umar.

Wala si mambo ya kutafuta mbali. Kuna mti mdogo uitwao kaliandra, asili yake Amerika ya Kati, unajulikana sasa katika nchi zetu za milima. Unakua upesi, ukiukata unachipua tena kutoka kwenye kisiki, matawi yake ni kuni nyembamba nzuri, majani yake yanaliwa na mbuzi na sungura, mizizi yake inarutubisha udongo kama mvinje wa Bamburi, na maua yake mekundu yanajaa nyuki. Mti mmoja, na mama amepata, mbuzi amepata, nyuki amepata. Panda kaliandra kuzunguka kiwanja chote cha shule badala ya ukuta, na mara mbili kwa mwaka, siku inayojulikana na inayotangazwa msikitini na kanisani, ikatwe na kugawiwa kwa kaya za jirani, wajane wakitangulizwa. Jirani ambaye uzio huo ni jiko lake atakuwa mlinzi bora kuliko askari.

Mikalitusi nayo ina mahali pake. WWF ilianzisha mwaka 2007 mradi wa EcoMakala hapa Kivu ya Kaskazini, wenye mashamba wakapanda miti ya makala katika ardhi zao ili mji upunguze kula mbuga, na wazo hilo ni sahihi. Ila mkalitusi ni wa shambani, kwenye kona ya ndege usiupande. Unakunywa maji mengi, na chini yake haviishi vitu vingi. Kwa kona ya ndege itafute miti ambayo wazee wanaijua: umuvumu kwa matunda yake madogo, umuko kwa maua mekundu ambayo chozi hayaachi, umusave kwa maua ya manjano na mbao yake. Umuvumu na umuko hazihitaji hata kitalu, unachomeka fimbo mbichi mwezi wa 9 mvua zinapoanza, na inashika. Kitalu kibaki kwa kaliandra, umusave, marakuja na avoka. Udongo wa kujaza sashe utatoka mbali, basi uchanganywe na samadi na majani yaliyooza, na palipo jiwe tupu shimo livunjwe kwa chuma mpaka lifike magotini, lijazwe, ndipo mche uingie. Shule ikikosa sashe, maganda ya mgomba yaliyofungwa vizuri yanafaa, tena yanaoza yenyewe.

Hapa tuseme neno moja kwa walimu, na lisichukuliwe vibaya. Maji ya miche yatatoka wapi mwezi wa 7, kiangazi kinapokaza? Tunajua jibu la kawaida: watoto watakuja na bidoni. Na kati ya watoto, wasichana. Na kati ya wasichana, wale waliochelewa, au ambao wazazi wao hawajatoa mchango. Bustani inayonyweshwa kwa adhabu itamfundisha mtoto kuuchukia mti maisha yake yote. Kingeni maji ya mabati ya shule, hata pipa mbili, na punguzeni idadi ya miche ilingane na maji mliyo nayo. Miche mia iliyopona ni bora kuliko elfu iliyoandikwa kwenye ripoti.

Wengine watauliza: shule yenyewe ni ya Wakatoliki, au ya Waprotestanti, sisi yatuhusu nini? Yanakuhusu, kwa sababu mwanao anasoma humo. Na hata asingesoma, hadithi ya kupanda haikuweka masharti ya nani ale. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas (R.A.), Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, au mtu, au mnyama, basi hiyo ni sadaka kwake. Tazama mpangilio wake: ndege, mtu na mnyama wamekaa katika sentensi moja, kwenye sahani moja. Na huyo mtu hakuulizwa dini yake.

Iko pia riwaya nyingine katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir (R.A.), ambayo wahubiri wetu huipita haraka, na kwa watu wa Kanyaruchinya ndiyo ya kusimama nayo. Humo imetajwa kwamba hata kilichoibwa katika mti huo ni sadaka kwa aliyepanda. Kilichoibwa! Basi yule anayesema kupanda hapa ni kumpandia mwenye panga, amesema kweli nusu. Mwenye panga atauchukua mti, lakini hawezi kuichukua sadaka yako. Mche ulioupanda mwaka 2021 ukakatwa mwaka 2023 na mtu aliyekuwa akichemsha uji wa watoto wake chini ya turubai, umekwisha kuandikwa.

Usije ukaigeuza riwaya hii kuwa ruhusa ya kuiba. Mti wa shule una wenyewe, ni watoto, na wengi wao hawajazaliwa. Ni amana, unakaribia kuwa kama wakfu. Mwenye kuukata kwa ajili ya kuuza amewaibia watoto, na akamatwe. Lakini aliyeukata kwa dharura ya kweli, usiku wa baridi ya Kanyaruchinya, hana pa kwenda, mafakihi wamekwisha kueleza kwamba dharura huondoa dhambi kwa kiasi cha dharura yenyewe, tawi badala ya shina, mti mmoja badala ya safu nzima. Na Umar (R.A.) katika mwaka wa njaa kubwa, mwaka wa 18 Hijria, hakutekeleza adhabu ya wizi kwa wenye njaa. Alijua kwamba kabla hujamuuliza mtu kwa nini ameiba, kuna wa kuulizwa kwa nini amelala na njaa.

Ndiyo maana tunasema kamati ya bustani isiwe ya walimu na wazazi wenye maneno tu. Akae humo yule mama aliyeuliza swali la kwanza. Yeye anajua kuni ngapi zinachemsha maharage, anajua nani katika mtaa amebaki bila jiko, na akisema mwaka huu tusikate upande wa mashariki kwa kuwa kuna viota, majirani watamsikia kuliko wanavyomsikia direkta.

Limebaki jambo la mwisho, la kuhama. Hakuna ajuaye kama mwakani tutakuwa hapa. Mlima haujatupa ahadi, na wenye bunduki pia hawajatupa. Inajulikana hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijamfika, basi aupande. Watu huisoma kwa ajili ya kutia moyo. Sisi tungependa uisome pia kwa kazi: kitalu cha shule kisiwe cha miche peke yake, kiwe na akiba ya mbegu. Kila mwaka watoto wa darasa la sita wakusanye mbegu za umusave na kaliandra zilizokomaa, wazianike kivulini, wazifunge kwenye karatasi na kuandika jina na mwezi, na kila mtoto apeleke kifurushi kimoja nyumbani. Mche huwezi kukimbia nao, wala kitanda, wala mlango. Lakini mbegu za miti mia mbili zinaingia katika fundo la kitenge, na mama akifika atakapofika, Mugunga au Sake au kurudi kwao Kibumba, atafungua fundo na kutafuta mahali penye udongo.